Jani moja, ardhi mbili: mgao wa wakimbizi wapungua, mboga za mwitu zarudi sufuriani

Mvua za kwanza zinapoanguka, mwezi Machi huko Uganda na kaskazini mwa Kenya, mwezi Oktoba au Novemba huko Kigoma, magharibi mwa Tanzania, kinachotangulia kuota katika makazi ya wakimbizi si mahindi wala maharage. Ni magugu. Kandokando ya vyoo, kwenye majalala, mahali walipolala mbuzi wa wenyeji msimu uliopita, huchipuka mchicha pori, mnavu, mgagani na mlenda. Wanawake na watoto hutoka alfajiri na mabeseni, na jioni yake sufuria hupata mboga za majani baada ya miezi ya kukosa.

Kwa muda mrefu uchumaji huo ulihesabiwa kuwa jambo dogo, kionjo cha kando ya mlo. Leo ni vigumu kuuhesabu hivyo. Mwezi Mei mwaka 2025 ilifahamika kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limewaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya wanaopewa chakula, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Nchini Kenya, katika mwaka huohuo, mgao wa wakazi wa Kakuma na Dadaab ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa, na maandamano yakazuka Kakuma. Tanzania ilikwisha kuonja hali hiyo mapema zaidi: mwaka 2023 mgao katika kambi za Nyarugusu na Nduta ulikatwa hadi nusu. Miongoni mwa walioguswa na maamuzi hayo wamo Wakongo na Warundi, ndugu na jamaa wa wasikilizaji wa Buyenzi na Rumonge.

Mgao unapopungua, beseni huongezeka uzito. Anayechuma hatosheki tena na yale majani matatu aliyozoea. Huenda mbali zaidi, hurudi na mchanganyiko mkubwa zaidi, na huwatuma watoto wadogo zaidi. Hapo ndipo swali la usalama linapozuka, nalo hujibiwa haraka mno na wengi: kwamba wakimbizi hawaijui mimea ya mwitu, na kwa hiyo wafundishwe, au wakatazwe.

Jibu hilo linakosea mahali pa kuanzia. Mama aliyelelewa katika milima ya Fizi au katika vijiji vya Makamba huenda anaijua mimea inayoliwa kuliko afisa yeyote anayemhudumia. Tatizo ni kwamba ujuzi huo ulifungamana na mahali: na mto fulani, kilima fulani, mwezi fulani, na jirani wa kuulizwa. Mwenye ujuzi huo akihamia nchi yenye ukame kama Turkana, au kwenye misitu ya miombo ya Kasulu, huondoka na uhakika wake wote, ilhali nusu ya mambo yaliyoutegemeza uhakika huo yamebaki nyuma. Asiyejua kitu husita na kuuliza. Anayejua, akauona mmea unaofanana na wa kwao, huchuma.

Jina husafiri, mmea hubaki

Ugumu huanzia kwenye majina. Lengalenga ya Bujumbura na Bukavu ndiyo mchicha wa Tanzania, ndiyo terere ya Kenya, ndiyo dodo ya Uganda na Rwanda. Katika mmea huu makosa hayana gharama kubwa. Jamii ya mchicha ina aina nyingi, na majani machanga ya zile zinazoota ovyo mashambani huliwa yakipikwa. Aina moja ina miiba kwenye vifundo vya shina, na madhara yake hayazidi vidole kuchomwa.

Kwa mnavu mambo hubadilika. Wakenya huuita managu, Waganda nsugga, na katika Kinyarwanda ni isogo. Lakini isogi, kwa kubadilisha irabu moja tu ya mwisho, ni mmea mwingine kabisa: ni mgagani wa Tanzania, saga ya Kenya, jobyo ya Uganda, wenye majani yaliyogawanyika kama vidole vya kiganja na harufu kali inayotulia baada ya kupikwa. Yote miwili huliwa, na mkanganyiko wa isogo na isogi haujamwangusha mtu. Hata hivyo unaonyesha jinsi jina lilivyo kamba nyembamba ya kushikilia. Mganga wa zahanati anayeambiwa na mkalimani kwamba mgonjwa amekula «mboga ya kienyeji» hajaambiwa chochote.

Tena mnavu wenyewe si mmea mmoja. Ni kundi la mimea inayokaribiana, ambayo hata wataalamu wa mimea hubishana juu ya mipaka yake. Matunda ya baadhi huiva yakawa meusi, mengine rangi ya machungwa. Majani ya baadhi ni machungu sana, ya mengine yamepoa. Katika maeneo mengi ya maziwa makuu uchungu ndio unaopendwa. Humwagiwa maziwa au karanga, na mpishi huuhesabu kuwa alama ya mnavu wa kweli. Kwa hiyo ulimi uliolelewa hivyo hauogopi jani chungu. Na jani chungu kuliko yote katika jalala lile lile huenda lisiwe mnavu.

Jirani wa mnavu

Mmea unaopaswa kutajwa hapa kwa jina ni mranaha, ambao sehemu nyingine huitwa mnanaha, na wataalamu huuita Datura stramonium. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo umeenea karibu kila mahali penye udongo uliochimbuliwa na wenye mbolea: zizini, majalalani, pembezoni mwa barabara, katikati ya shamba la soya au mtama. Ni wa ukoo mmoja na mnavu, nyanya, bilinganya na tumbaku. Sehemu zake zote zina sumu, hasa mbegu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa.

Mranaha uliokomaa hauna mshabaha na mboga yoyote. Ua lake ni refu, jeupe au la zambarau, lenye umbo la tarumbeta. Tunda lake ni la ukubwa wa yai dogo la kuku na limejaa miiba; likikauka hupasuka sehemu nne na kumwaga mamia ya mbegu, ambazo zinaweza kulala ardhini miaka mingi zikisubiri mvua. Jani lake kubwa lina kingo zenye meno makubwa yasiyo na mpangilio, na likisuguliwa hutoa harufu mbaya. Mnavu, kwa upande wake, una vijiua vidogo vyeupe vyenye ncha tano na kitovu cha njano, na matunda madogo ya mviringo yanayoning'inia kwa vishada. Mtu aliyeviona vyote viwili vikiwa na maua hawezi kuvichanganya.

Lakini njaa haingoji maua. Wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza, mnavu hauna ua, mranaha hauna ua, na yote miwili ni miche laini yenye urefu wa kiganja inayoota pamoja katika udongo uleule. Alama zilizo wazi kuliko zote zinachelewa kwa majuma kadhaa, na majuma hayo ndiyo yaleyale ambayo ghala ni tupu, bei sokoni iko juu na majani ni machanga kiasi cha kuvutia. Wachumaji wenye uzoefu huvuka kipindi hicho kwa kutotegemea jani peke yake. Huangalia shina, huangalia vinyweleo, husugua na kunusa, huangalia jinsi jani lilivyoungana na shina, na, zaidi ya yote, huchuma pale walipochuma mwaka jana, mahali ambapo mmea uliokauka wa msimu uliopita bado umesimama na tunda lake kama shahidi. Mgeni aliyefika mwezi uliopita hana mwaka jana.

Ikumbukwe pia kwamba kosa la namna hii halihitaji mtu mwenye njaa ili litokee. Mwezi Machi mwaka 2019, katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu walianza kuugua baada ya kula uji wa unga wa lishe uliogawiwa na WFP kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Walichanganyikiwa akili, walitapika, waliumwa kichwa na tumbo, wengine walikuwa na homa kali. Watu watano walifariki na mamia waliugua, wengi wao katika wilaya za Napak na Amudat. Ugawaji ulisimamishwa, na uchunguzi ukabaini katika unga huo kemikali za sumu ambazo ndizo zinazopatikana katika mranaha. Mbegu za gugu hilo zilikuwa zimevunwa pamoja na soya, zikapita kiwandani, zikasafirishwa kuvuka bahari na kufika Karamoja ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Ikiwa mashine za kuchuja zilishindwa kulitenga gugu hilo, sembuse mtoto wa miaka tisa mwenye beseni wakati wa magharibi.

Mkasa wa Karamoja una funzo jingine ambalo halikuzungumzwa sana. Dalili za sumu ya mranaha, yaani kinywa kukauka, mboni za macho kupanuka, mapigo ya moyo kwenda mbio, mtu kuona vitu visivyokuwapo na kupayuka, zinaweza kudhaniwa malaria iliyopanda kichwani au wazimu. Mtu mmoja akiugua peke yake nyumbani, huenda hakuna atakayefikiria mboga. Karamoja iligundulika kwa sababu waliugua wengi kwa pamoja, na wote walikuwa wamekula kitu kimoja kilichokuwa na nembo.

Maji ya kumwaga, kuni za kuchemshia

Kuna kundi la pili la mimea, ambalo hatari yake haiko katika kuitambua. Wachumaji wanaitambua sawasawa. Hatari iko katika kuiandaa.

Waturkana wa kaskazini mwa Kenya hula, hasa wakati wa ukame, matunda ya mti wanaouita edung. Yakiliwa bila maandalizi ni machungu na yanadhuru. Huchemshwa kwa saa nyingi, maji yakimwagwa na kubadilishwa mara kadhaa, hadi uchungu utoke. Katika misitu ya miombo na pwani ya Tanzania, watu wamewahi kuvuka njaa kwa ndiga, kiazi mwitu chenye sumu, ambacho hukatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa kabla ya kuguswa na mdomo. Hata kisamvu, ambacho kila nyumba ya ukanda huu inakijua kwa jina hilo, sombe au isombe, kina sumu ya sianidi katika majani mabichi. Kutwanga kwanza na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika ndiko kunakokifanya kuwa chakula.

Maarifa hayo si siri, na mgeni anaweza kuelezwa katika mazungumzo ya robo saa. Anachokosa mgeni ni vifaa. Kuchemsha edung kwa saa sita na kumwaga maji mara nne kunadai kuni na maji, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo Kakuma havipatikani bila kupanga foleni au kununua. Kando ya mito mikavu ya Turkana, tena, miti haiko ovyo kama inavyoonekana kwa mpita njia. Kuna desturi iitwayo ekwar, ambayo kwayo familia ina haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, matunda na kivuli chake pamoja. Mkimbizi anayekusanya maganda au matunda hapo anaingia katika mali ya mtu, na ugomvi wa aina hiyo si mgeni kati ya kambi na wenyeji.

Magharibi mwa Tanzania kizuizi ni cha sheria. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Duara hilo limechumwa tangu Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na kuni zake zimekwisha kwa kiwango hichohicho. Wanawake wanaovuka mpaka huo wakitafuta kuni wameripoti kwa miaka mingi kupigwa na kubakwa. Kwa hiyo mama anapopunguza muda wa kuchemsha, au anapoloweka kiazi usiku mmoja badala ya siku tatu, hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa kutojua. Anapima hatari moja dhidi ya nyingine.

Matokeo ya njia hiyo ya mkato yanajulikana vizuri katika muhogo. Ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika Kongo ya wakati huo, hupoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, hasa ya watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulizuka wilayani Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Watu walikuwa wakila muhogo mchungu waliouandaa kwa haraka kwa sababu hapakuwa na kingine. Walikuwa wakulima wa muhogo, na hakuna aliyehitaji kuwafundisha kwamba muhogo huo hulowekwa na kukaushwa. Walikosa siku za kungoja.

Yapo mambo mengine mawili ya kutajwa kwa ufupi. Mmea unaoliwa na uliotambuliwa barabara bado unaweza kudhuru kwa sababu ya udongo wake: kuzunguka migodi na viwanda vya kuyeyushia madini vya Lubumbashi, utafiti umekuta kobalti na risasi kwa wingi katika mboga na katika miili ya wakazi, na mnavu wa pembeni mwa shamba la tumbaku au pamba hunyunyiziwa dawa ileile ya zao hilo. La pili ni uyoga, ambao nao hutoka na mvua na ambao Warundi wengi wanaupenda. Huo una hesabu yake kali. Sumu ya uyoga ulio hatari kuliko wote haiondolewi na moto, na dalili zake huanza baada ya saa 6 hadi 24, wakati mlaji amekwisha kulala akiamini kuwa amesalimika. Mgeni katika msitu asiouzoea hana sababu ya kutosha ya kuuchuma peke yake, hata awe bingwa kwao.

Kimya cha wasimamizi

Serikali na mashirika yanafanya nini? Kwa kiasi kikubwa, hakuna. Na kimya hicho kina sababu zake.

Shirika linalopunguza mgao likaanza wiki hiyohiyo kufundisha watu kuchuma magugu litaonekana limekubali kwamba magugu ni mbadala wa chakula. Wafadhili nao watapata kisingizio. Hofu hiyo ina msingi: sahani ya mnavu ina madini na vitamini nyingi, lakini haina nguvu ya kumfikisha mtu jioni, na hakuna mboga ya majani inayoziba pengo la mahindi, maharage na mafuta. Maafisa wa misitu, kwa upande wao, huutazama uchumaji kama uharibifu, na wakati mwingine wako sahihi, maana mzizi ukichimbwa haurudi msimu ujao kama jani linavyorudi. Serikali zenye sera ya kuwataka wakimbizi warejee makwao hazina hamu ya mpango wowote unaowafanya waizoee ardhi.

Lakini watu wanachuma, iwe imesemwa au haikusemwa. Kukaa kimya hakumzuii mtoto asiende jalalani na beseni. Kunamwacha aende bila mtu wa kumuuliza. Na mtu wa kumuuliza yupo karibu sana. Kambi na makazi yote haya yamezungukwa na wenyeji ambao wanawake wao wanaijua mimea ya pale kwa misimu yake yote. Mwanamke wa Kiturkana, wa Kiha au wa Kinyankole akipita na kikundi cha wageni asubuhi tatu katika mwaka, mara mche unapochipua, mara unapochanua, mara unapozaa, atakuwa amewapa ule «mwaka jana» wanaoukosa. Gharama yake haifiki bei ya lori moja la unga. Kinachodaiwa ni ukalimani mzuri, na hapo Kiswahili kina kazi ya kufanya, kwa kuwa mara nyingi ndicho lugha pekee inayofahamika pande zote mbili. Ila kitumike pamoja na mmea wenyewe mkononi, kwa sababu jina pekee, kama ilivyokwisha kuonekana, halitoshi.

Kenya imeonyesha kwamba maarifa haya yanaweza kuheshimiwa rasmi. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo yalitoa kitabu cha Patrick Maundu na wenzake juu ya mimea ya asili inayoliwa nchini humo, chenye majina katika lugha za Kenya. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi. Managu, iliyodharauliwa zamani kama chakula cha maskini, leo hufungwa vifungu na kuuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Ila kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya Mkenya aliye kwake. Mbembe au Mrundi wa Kakuma hamo katika majina yale.

Njia salama kuliko zote pengine si ya kuchuma. Ni ya kupanda kile ambacho zamani kilichumwa. Mbegu za lengalenga, mnavu na mgagani zikipandwa katika gunia la udongo mlangoni, aliyezipanda anajua alichopanda, na majani huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu hadi tano. Maji ya kunawia yanatosha kulimwagilia gunia moja. Hata hivyo mbegu zinazogawiwa mara nyingi ni za kabichi, sukumawiki na nyanya, mazao yanayodai maji mengi na dawa, na sababu yake ni kwamba hizo ndizo zinazouzwa kwa wingi na wafanyabiashara wa mbegu. Nchini Uganda, ambako mkimbizi hupewa kiwanja ambacho mara nyingi hakizidi mita 30 kwa 30, na wageni wa karibuni hupata kidogo zaidi, uamuzi wa mbegu gani ziingie katika kiwanja hicho si jambo dogo.

Kwa jamaa walio huko

Wenye ndugu makambini huulizwa mambo haya kwa simu, na majibu yanayopitishwa si yote ya kuaminiwa. Kwamba jani likiliwa na mbuzi litafaa kwa binadamu si kweli. Mbuzi na ndege hula mambo mengi yanayomuua mtu. Kwamba sumu hujulikana kwa uchungu si kweli pia, wala si kweli kwamba chumvi, magadi au ndimu huivunja. Kuonja kidogo kwanza ni kipimo kinachofaa kwa mmea ambao tayari unajulikana, ila wasiwasi uko juu ya ukomavu wake. Kwa mmea usiojulikana, kidogo huweza kutosha kudhuru, hasa kwa mtoto. Jani lililochumwa na mtoto lipitiwe moja moja na mtu mzima kabla ya kuoshwa, kwa sababu likishakatwa na kuchanganywa hakuna awezaye kulitenga. Mmea ambao watu wawili wa nyumba moja hawakubaliani juu yake huachwa hadi utoe ua. Matunda mabichi ya mnavu, yaliyo ya kijani, hayaliwi, hata kama majani yake yamekwisha kuliwa mara mia.

Na mtu akianza kupayuka, kukauka kinywa au kutapika baada ya mlo, asilazimishwe kutapika zaidi wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yanaosha. Apelekwe zahanati mara moja, na waliokula naye waende pia, hata wanaojiona wazima. Sufuria lisioshwe. Mabaki ya mboga, pamoja na mche mzima uliong'olewa na mizizi yake kutoka pale ulipochumwa, yatiwe katika mfuko na yabebwe pamoja na mgonjwa.